Shangazi Alipalia Wali kwa Mikono

Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Yunisi kule Kisarawe, na mimi niliondoka msibani kabla jeneza halijashushwa. Watu wamesema sana. Wamesema mwalimu mstaafu mzima hana adabu, wamesema sisi tunaokaa Kibaha tunajiona watu wa mjini. Waseme. Kilichoninyanyua kwenye kiti ni wasifu wa marehemu. Kijana aliyepewa kipaza sauti aliusoma vizuri tu, alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume, hakujaliwa mtoto, kisha akafika pale anapotakiwa kuwachangamsha wafiwa kidogo. "Nani atasahau mapishi ya Shangazi?" akasema. "Mikono yake haikuogopa moto! Makaa aliyaokota kama mtu anayeokota korosho!" Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kufuta machozi, na akina mama wa mstari wa mbele wakatikisa vichwa, kweli kabisa, kweli kabisa. Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Mikono waliyokuwa wakiisifia ilikuwa mle ndani ya jeneza, vidole vimebaki vipande, na kila mtu wa rika langu pale alijua kwa nini. Walikuwa wanajifanya hamnazo. Nilichukua mkoba wangu, nikawapita katikati, nikaenda zangu.

Basi naandika, maana hasira nisipoiweka mahali itaniua. Habari za nani alimzaa nani na nani alihamia wapi nitaziruka, hazina kazi hapa. Nataka mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa kidato cha tatu, na miezi michache iliyoufuata. Nilikuwa nasoma Kibaha, nikikaa chumba cha uani Tangini, kwenye nyumba ya rafiki wa marehemu baba. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na dirisha lililotazama choo cha jirani, na chakula kilikuwa ugali na dagaa mpaka dagaa wenyewe nikawachukia. Lakini shuleni tulikuwa na Mwalimu Mbena wa Baiolojia, mtu mfupi, mkali, anayefundisha kama anagombana na mtu. Siku moja alichora ubaoni mkono ukigusa sufuria ya moto. Kutoka kwenye ngozi akavuta mstari mpaka kwenye uti wa mgongo, na kutoka kwenye uti wa mgongo akavuta mwingine ukarudi kwenye msuli wa mkono. "Mnaona? Habari haijafika hata kwenye ubongo," akasema. "Uti wa mgongo umeshatoa amri, mkono umeshatoka motoni, ndipo ubongo unapata taarifa. Ukija kusema 'uwi', mwenzako ameshakuokoa zamani." Halafu akatufunga macho kwa tai zetu, akatugusa kwa ncha mbili za bikari. Mdomoni unasikia ncha mbili, mgongoni unasikia moja tu, ingawa ni zilezile, kwa sababu mahali pengine neva zimejazana na pengine zimetawanyika. Darasa zima tulipiga kelele kwa furaha. Nilidhani ni mchezo mtamu kuliko yote duniani, na likizo ya Juni ilipofika nikaichukua ile bikari nikaenda nayo Kisarawe kwa Shangazi.

Jiko la Shangazi lilikuwa banda la miti na udongo nyuma ya nyumba, kuta nyeusi kwa moshi, mafiga makubwa katikati na vinu pembeni. Ukiingia ulikuta harufu ya nazi iliyokunwa na mchaichai. Asubuhi tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, mchana kisamvu, na Jumapili wali wa nazi. Wali wake ndio uliomfanya awe mtu. Wali wa nazi ukishakauka maji hupaliwa, unaufunika halafu unaweka makaa juu ya mfuniko ili uive chini na juu. Watu wengine huchota makaa kwa koleo, au kwa kipande cha bati. Shangazi aliyaokota. Aliingiza mkono jikoni, akatoa kaa jekundu, akaliweka juu ya mfuniko, akaongeza jingine, huku anaongea habari za kwaya. Hakuna harusi, kipaimara wala msiba pale mtaani uliopikwa bila yeye. Wasichana waliokuja kujifunza kwake wakiulizia koleo walizomewa na mama zao: "Koleo! Na wewe utaolewa kweli?" Wengine waliunguza vidole vyao makusudi wakijaribu kumuiga, wakavificha kwenye kanga wasionekane wanalia. Hebu fikiria upumbavu huo.

Siku hiyo tulikuwa kibarazani tunachambua mchele. Nikamwomba nimfunge macho kwa ncha ya kanga yake, akakubali, alikuwa mwepesi wa utani. Nilianza na shavu. "Mbili," akasema. Nikaenda shingoni. "Moja." Nilipomwambia zilikuwa mbili akacheka, akaniita mwongo. Nikahamia mkononi, kwenye kidole kidogo. Nikaweka ncha. Kimya. Nikakandamiza kidogo. Kimya. Nikakandamiza mpaka ngozi ikabonyea na tone la damu likatoka, na Shangazi amekaa tu, ameinua uso, anatabasamu gizani mwake. "Anza basi, mwanangu," akasema, "mchele unanisubiri."

Nilimfungua ile kanga. Mara yangu ya kwanza kumwangalia vidole, kumwangalia kweli, ilikuwa ile. Vilikuwa na makovu ya moto juu ya makovu ya moto. Kidole kidogo na mwenzake wa pembeni vilikuwa vimeanza kujikunja, akasema ni kwa sababu ya kushika mwiko miaka mingi. Juu ya kiwiko kulikuwa na baka lililopauka ambalo alilipaka mafuta ya nazi akiliita fangasi. Nikaligusa kwa ile ncha, hakusikia pia. Vidole vingine vilisikia, vingine kwa mbali, kama mtu anayeitwa yuko shambani. Nikamwambia, Shangazi, hii si sugu, neva zako zina kitu, twende hospitali Kibaha. Na sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo roho inaponiuma: alikubali. Aliliangalia lile tone la damu, kisha akasema, "Haya, Jumatatu twende. Nitavaa gauni langu la kanisani."

Jumapili mchana, baada ya ibada, akaja Mama Tabita. Huyu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa usharika, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, rafiki wa Shangazi tangu usichana wao, na binti yake Tabita alikuwa aolewe Desemba na kijana wa Dar. Mimi nilikuwa chumbani napiga pasi lile gauni. Ukuta wa nyumba ile haukufika juu kwenye paa, kwa hiyo ukitaka usitake ulisikia kila kitu.

"Hospitali?" Mama Tabita akauliza. "Una homa?"

"Sina. Ni ganzi tu ya mikono. Debora anasema si kawaida."

"Debora! Debora ni mtoto." Kiti kikalia, nadhani alisogea karibu. "Yunisi, mimi na wewe tumekua pamoja, acha nikwambie. Ganzi na mabaka si mambo ya kwenda kuuliza-uliza kabla ya Desemba. Ukienda, wakakupa jina la kitu, hilo jina litafika hapa kabla yako. Nani atakula? Wakwe zetu nimeshawaambia mpishi ni wewe. Harusi ikipita nitakupeleka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Kwani unaumwa?"

"Siumwi popote."

"Sasa!"

Nimefundisha Baiolojia maisha yangu yote, na kila mwaka nilipofika mada ya mfumo wa fahamu sauti yangu ilipanda bila kutaka, wanafunzi wakashangaa. Ni kwa sababu ya lile neno. Siumwi popote! Kule kutokuumwa ndiko kulikuwa ugonjwa wenyewe. Maumivu ni mlinzi wa nyumba, akinyamaza usimsifu kwa upole, nenda kaangalie kama hajauawa. Na Mama Tabita alijua. Wanaomtetea mpaka leo wananiambia watu wa zamani hawakuelewa. Mtu asiyeelewa hasemi habari ya jina. Hakulitaja, lakini alilijua, na alijua vya kutosha ili asitake kujua zaidi. Alipima harusi ya binti yake upande huu na vidole vya rafiki yake upande ule, akachagua, kisha akaomba chai.

Nilitoka chumbani na pasi mkononi. "Shikamoo, Mama Tabita," nikasema. "Nimesikia. Ikifika Desemba atakuwa amechelewa."

"Marahaba. Siku hizi mnafundishwa kutisha watu huko shuleni?"

"Mama, hata kesho tu, tuende turudi..."

"Nyamaza, Debora," akasema Shangazi, taratibu, bila kuniangalia. "Mkubwa anaongea." Gauni lile lilirudi sandukuni likiwa limenyooka vizuri.

Niliporudi shule nilimweleza Mwalimu Mbena. Alikunja uso mpaka nikadhani nimekosea. "Mlete hata kesho," akasema. "Mfupa ukivunjika unaweza kukungoja, neva haingoji." Septemba nikaenda tena Kisarawe kwa likizo fupi, nikalia, nikapiga magoti. Shangazi alinionyesha kitenge. Kamati ya harusi ilikuwa imemshonea sare ileile ya mama wa bibi harusi, ya bluu yenye maua ya njano, yeye ambaye hakuzaa, asimame kwenye picha pamoja na wazazi. Alikikunjua kitandani akakipapasa kwa mgongo wa mkono, maana vidole havikumwambia tena kama kitambaa ni laini au kigumu. "Niache mwenzio nifurahi kidogo," akaniambia. Na yeye nilimkasirikia, kwa nini niseme uongo. Nilimkasirikia kwa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na kuona anapendwa. Lakini kumkasirikia yeye ni kama kumkasirikia aliyegongwa kwa kuwa alikuwa barabarani. Waliokuwa wanaendesha ni wengine.

Harusi ikafika. Mafiga yalipangwa mstari uani kwa Mama Tabita, sufuria zile za usharika ambazo mtoto angeweza kuogea, moshi, vigelegele, wasichana wamekaa kwenye mikeka wanamenya vitunguu. Shangazi na kitenge chake cha bluu, amejifunga kanga kiunoni, anatoka sufuria hii anaingia ile. Wali ulipokauka akaanza kupalia. Watu wa Dar walikuja kumwangalia, mmoja na kamera. Akaokota makaa, wakashangilia. Ili afikie sufuria ya nyuma akaegemea ya mbele kwa kiganja cha kushoto, akajinyoosha, akawa anayapanga makaa huku anawaelekeza wasichana. Halafu akainua pua.

"Nani anaunguza nyama?" akauliza. "Nyie! Nyama inaungua, hamsikii harufu? Geuzeni!"

Wasichana wakakimbia kufunua sufuria za nyama. Nyama ilikuwa salama. Na yeye bado anafoka, nyie watoto mna usingizi, tutawapa wageni nini, na kiganja chake kipo palepale juu ya mfuniko wenye makaa. Mimi ndiye niliyeona. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote akaanguka juu yangu, na kipande cha ngozi kikabaki kwenye bati kinafuka. Aliutazama mkono wake kama anautazama wa mtu mwingine. Pua yake ilikuwa nzima, mnaona? Ile neva ya pua ni fupi, inaingia moja kwa moja kwenye ubongo, ilifanya kazi yake, ikapeleka habari kwamba kuna nyama inaungua. Ubongo ukafanya kazi yake, ukatafuta nyama. Mkono tu ndio haukusema kwamba nyama yenyewe ilikuwa yake.

Mama Tabita alifika mbio, na dhahabu zake, na manukato yake. Aliona kila kitu. Alivua mtandio akauzungushia mkono wa Shangazi haraka-haraka, akasema kwa sauti ya chini, "Asione mtu. Wageni wameshakaa." Wali ukapakuliwa. Wakala, wakasifu, wakaongeza. Shangazi alisimama kwenye picha, mkono wa kushoto ameuficha nyuma ya bega la bwana harusi.

Ile ahadi ya 'kwa mkono wangu' sikuisikia tena. Januari nilimpeleka mimi. Daktari alikuwa kijana mpole, akampapasa nyuma ya kiwiko, akanishikisha na mimi niisikie neva yenyewe, imevimba, nene kama kamba ya katani. Kisha akachukua pamba. "Mama, funga macho. Nikikugusa, sema ndiyo." Akamgusa kidole. "Ndiyo," akasema Shangazi. Kidole cha pili. "Ndiyo." Nikafurahi, nikadhani Mungu ametuhurumia. Kisha daktari akaiweka ile pamba mezani, akakunja mikono yake mapajani, akakaa tu. "Ndiyo," akasema Shangazi. Baada ya kitambo tena, "Ndiyo." Alikuwa amekaa wima na gauni lake la kanisani, anajitahidi asimuudhi daktari, anakubali kuguswa ambako hakukuwepo. Nimezika wazazi, nimezika mume, lakini sijawahi kulia kama nilivyolia kwenye kile kibenchi cha daktari.

Jina lilikuwa lile Mama Tabita asilolitaja, ukoma. Daktari akaeleza kwamba dawa ni bure, vijidudu vitakufa, na akianza kumeza hataambukiza mtu. Kuhusu neva alisema ukweli. Zilizokufa ganzi karibuni zinaweza kurudi kwa vidonge vya kuzipunguzia uvimbe. Zilizokaa muda mrefu hazirudi. "Hivi vidole vingine vilianza lini?" akauliza. Nikamwambia Juni vingi bado vilikuwa vinasikia. Alifunga jalada. "Mngekuja Juni," akasema.

Na habari ilitutangulia Kisarawe, kama ilivyotabiriwa. Kanisani benchi lake likawa lake peke yake. Sufuria za usharika zikasemwa zimezeeka, zikanunuliwa mpya. Dawa zilimtia weusi usoni, watoto wakaambiwa wasipite uani kwake. Hapa ndipo ninapotaka kuwapigia kelele waliocheka pale msibani. Mlikula mikononi mwake wakati hajatibiwa, mkalamba vidole! Ametibiwa, haambukizi hata nzi, ndipo mkamkimbia! Wala msiseme ukoma ulimla vidole, ukoma haukula kidole hata kimoja. Vililiwa na moto, na sindano ya kushonea, na kidonda kilichooza kwa kuwa mwenye nacho hakukisikia, kimoja baada ya kimoja, mwaka baada ya mwaka, mpaka mikono ile ikawa kama mlivyoiona.

Juni iliyofuata nilikuwa naye tena. Asubuhi moja Mama Tabita alikuja, akasimama mbali kidogo na mlango wa jiko, mkono umeshika kanga karibu na pua. Tabita alikuwa amejifungua, kulikuwa na ubatizo. Aliomba Shangazi aende awaelekeze wasichana. "Utakaa kwenye kiti, Yunisi, uelekeze kwa mdomo tu. Usishike kitu." Mimi nilifura, nikafungua mdomo, na Shangazi akanikata jicho nikaufunga. Aliinama kufunua sufuria ya uji, na mara akapiga ukelele, mfuniko ukaruka ukagonga ukuta. Mkono ulikuwa umejitoa wenyewe motoni. Akautazama. Akatia kidole gumba cha kulia mdomoni, akakitoa, akakipuliza, akakitazama tena, na machozi yakaanza kumtoka huku anacheka.

"Debora! Inauma! Mwanangu, njoo uone, inauma!"

"Jamani, pole, Yunisi," akasema Mama Tabita kutoka kule aliposimama.

Shangazi akageuka. Mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, akatoka jikoni akamwendea, mikono yote miwili ameinyoosha mbele.

"Kwa hiki nipe hongera, hiki kimewahi dawa," akasema. "Pole yako vipe hivi tisa."

Mama Tabita akarudi nyuma hatua moja, akaangalia pembeni.